Kikulacho ki nguoni mwako: Kioo cha pikipiki kikigoma kuiona simu

Ufunguo umegeuzwa, taa za dashibodi zimewaka, geji ya mafuta imepanda. Simu iko mfukoni, Bluetooth imewashwa, na programu ya kampuni iliyotengeneza pikipiki imefunguliwa. Lakini kwenye kona ya kioo, pale palipotakiwa kuwa na alama ya simu na mshale wa kuonyesha njia, hakuna kitu. Mwenye pikipiki anazima, anawasha, anazima tena. Uvumilivu ukimwishia anampigia fundi.

Hapo ndipo hasara huanzia. Fundi umeme akiitwa atafanya kazi anayoijua: atakagua fyuzi, atafuata nyaya, na mwisho ataomba kukifungua kioo. Kioo hicho kimezibwa kiwandani ili kisiingize maji. Kikifunguliwa ovyo, masika yakifika kinaanza kuota ukungu kwa ndani, na waranti, kama bado ipo, inaweza kuishia hapo. Kumbe mara nyingi kioo hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye simu, tena kwenye mipangilio ambayo mwenyewe aliikubali au kuikataa kwa kidole bila kusoma.

Makala haya yanafuata njia ya kulitafuta kosa hilo, hatua kwa hatua, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kutoka mshale hadi ramani nzima

Zamani kidogo haya yalikuwa mambo ya wenye pikipiki za bei mbaya. Honda Gold Wing ya mwaka 2018 ndiyo pikipiki ya kwanza kuja na Apple CarPlay. Lakini mwaka huohuo, nchini India, TVS iliingiza sokoni skuta ya NTORQ 125 yenye kioo kinachopokea taarifa za simu kwa Bluetooth, na teknolojia ikashuka hadi kwenye chombo cha mtu wa kawaida. Mwaka 2020 Royal Enfield ilitoa Meteor 350 yenye kioo kidogo cha duara kiitwacho Tripper, ambacho kazi yake ni kuonyesha mshale na umbali uliobaki hadi kona inayofuata. Mwaka 2021 BMW ilikuja na R 1250 RT yenye kioo cha inchi 10.25 kinachochora ramani kutoka kwenye simu. Himalayan 450 ya Royal Enfield, ya mwaka 2023, ikaleta ramani nzima ya Google kwenye kioo cha duara cha inchi 4.

Afrika Mashariki, bodaboda nyingi bado zina mita za mishale, na dereva anayehitaji ramani hufunga simu yake kwenye usukani. Hata hivyo vioo vya kidijitali vinakuja, na njia zake ni mbili. Ya kwanza ni pikipiki za umeme, zinazosambazwa na kampuni kama Ampersand iliyoanzia Kigali na Roam ya Nairobi. Ya pili ni wale wanaoagiza pikipiki na skuta mpya au zilizotumika kutoka nje. Wote hao watakutana na tatizo hili siku moja.

Jambo la kushika mapema ni kwamba kioo na simu haviunganishwi na kamba moja ambayo ama ipo ama imekatika. Ni ruhusa nyingi zilizopangana, na kila moja ina namna yake ya kuharibika. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni tatizo linatokea saa ngapi: mwanzoni kabisa, baada ya dakika kadhaa, au pale ujumbe unapoingia? Jibu la swali hilo peke yake huondoa nusu ya kazi.

Haiungani kabisa

Ikiwa simu haioni pikipiki hata kwenye orodha, anza na ruhusa. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 6 hadi la 11, programu haiwezi kutafuta vifaa vya Bluetooth vinavyotumia nishati ndogo mpaka ipewe ruhusa ya kujua mahali ulipo. Wengi huikataa ruhusa hiyo kwa kuogopa kufuatiliwa. Woga huo una sababu zake, ila kwenye simu hizo kukataa ni sawa na kuifunga programu macho. Toleo la 12, lililotoka mwaka 2021, lilileta ruhusa ya peke yake inayoitwa “Vifaa vilivyo karibu”. Ingia kwenye Mipangilio, fungua Programu, chagua programu ya pikipiki, kisha uangalie ruhusa zake moja baada ya nyingine. Kwa iPhone, tangu mwaka 2019 kila programu inayotaka Bluetooth huomba ruhusa yake, na aliyeikataa siku ya kwanza haulizwi tena. Lazima aifuate mwenyewe kwenye mipangilio.

Sababu ya pili ni kwamba pikipiki imeshashikwa na simu nyingine. Vioo vingi huzungumza na simu moja kwa wakati mmoja, na vikishaungana huacha kujitangaza. Bluetooth ya simu hufika kama mita 10, basi simu ya kaka mtu aliyekaa sebuleni, aliyewahi kuiendesha pikipiki hiyo Jumapili, inaweza kuidaka ikiwa bado uani. Vivyo hivyo simu ya muuzaji pale dukani. Zima Bluetooth za simu zote zilizowahi kuunganishwa, kisha jaribu tena.

Sababu ya tatu inahitaji maelezo kidogo. Kuoanisha vifaa ni makubaliano: simu na kioo hutengeneza ufunguo wa siri, na kila upande unahifadhi nakala yake. Simu ikifutwa kila kitu, au kioo kikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, upande mmoja unapoteza nakala huku mwingine ukiendelea kuishika ya zamani. Vikikutana tena funguo hazilingani, na mawasiliano yanakataliwa bila maelezo ya maana. Ndiyo maana kubonyeza “Sahau” kwenye simu peke yake hakusaidii. Futa simu kwenye menyu ya pikipiki, futa pikipiki kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, ifute pia ndani ya programu kama ina orodha yake. Zima vyote viwili, subiri kidogo, uanze upya.

Wakati wa kuanza upya, soma kitabu cha pikipiki kujua mlango wa kuingilia. Nyingine hutaka uoanishe kutoka ndani ya programu; ukipitia kwenye mipangilio ya simu, simu inaidaka pikipiki na programu inabaki haina cha kushika. Nyingine hutaka uanzie kwenye menyu ya pikipiki yenyewe. Kwenye vifaa vingi tarakimu sita zitatokea pande zote mbili. Zilinganishe kabla ya kukubali, hasa kijiweni au dukani penye pikipiki kadhaa za aina moja.

Hakikisha pia programu yenyewe ndiyo. Kwenye Yamaha kadhaa zenye ramani ya Garmin, programu ya MyRide hushughulikia simu na ujumbe, lakini ramani inatoka kwenye programu nyingine iitwayo Garmin StreetCross. Honda RoadSync ilianza kwa Android peke yake, ya iPhone ikaja baadaye. Mtu anaweza kuhangaika nusu siku na programu isiyohusika.

Imeungana, ila ujumbe hauonekani

Alama ya Bluetooth imewaka kwenye kioo, muziki unabadilika kwa swichi ya usukani, lakini mtu akipiga jina lake halitokei, na ujumbe ukiingia kioo kiko kimya. Tatizo hili halihusiani na mawimbi. Muziki, simu, majina na ujumbe hupita njia tofauti ndani ya Bluetooth, na kila njia inafunguliwa peke yake.

Kwenye Android, kusoma arifa ni ruhusa maalumu isiyokaa pamoja na nyingine. Itafute kwenye mipangilio ya arifa, sehemu inayoorodhesha programu zinazoruhusiwa kufikia arifa zako. Kwa majina, toa ruhusa ya anwani za simu. Kwenye iPhone, fungua orodha ya Bluetooth, bonyeza alama ya herufi i pembeni ya jina la pikipiki, na uruhusu arifa za simu zipelekwe kwenye kifaa hicho. Wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo tangu wanunue simu.

Inakatika simu ikiwa mfukoni

Hili ndilo linalosumbua zaidi eneo letu, na chanzo chake kiko wazi. Nyumbani kila kitu kinakwenda vizuri. Unaweka simu mfukoni, unaendesha dakika tano au kumi, mshale unaganda mahali pamoja. Ukisimama na kuitoa simu, mara skrini inapowaka mshale unafufuka.

Simu ndiyo iliyoizima programu ili kuokoa chaji. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, Android ina utaratibu wa kulaza programu zisizotumika skrini ikiwa imezimwa, na watengenezaji wa simu huongeza masharti yao juu yake. Simu zinazouzwa sana kwetu, zikiwamo Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya China, pamoja na Xiaomi na Samsung, zina mitambo yake ya kubana matumizi ya betri. Ni jambo jema kwa mtu anayetaka chaji ifike jioni, lakini kwa programu inayotakiwa kufanya kazi ikiwa imefichwa mfukoni ni hukumu ya kifo.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, kwenye maelezo ya programu ya pikipiki fungua sehemu ya betri na uchague isiwekewe kizuizi chochote. Pili, kama simu ina sehemu ya kuruhusu programu zijiwashe zenyewe, iruhusu hii. Tatu, acha tabia ya kufagia. Watu wengi kila baada ya dakika chache hufungua orodha ya programu zilizo wazi na kuzifagia zote, wakiamini simu inakuwa nyepesi. Kwenye simu kadhaa za Android kufagia huko kunaiua programu pamoja na mawasiliano yake. Kwenye iPhone, programu uliyoifunga hivyo haiamshwi tena kwa siri mpaka uifungue kwa mkono. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Xiaomi zina alama ya kufuli kwenye orodha hiyo: ifungie programu ya pikipiki, ndipo ufagie zilizobaki.

Angalia pia Kiokoa Betri. Kwenye simu nyingi huweza kujiwasha chenyewe chaji ikishuka hadi kiwango fulani, hata ukiwa katikati ya safari. Ukiona muunganiko unakatika kila safari ndefu inapokaribia mwisho, mshukiwa ni huyu. Ramani hula chaji haraka, kwa hiyo tundu la USB la pikipiki litumike tangu mwanzo wa safari badala ya kusubiri simu ikaribie kuzima.

Ramani haitokei

Mshale ni taarifa ndogo, Bluetooth inautosha. Ramani nzima ni picha inayobadilika kila sekunde, na vioo vingi vinavyoionyesha huhitaji Wi-Fi pamoja na Bluetooth. Himalayan 450 ni mfano mmojawapo. Kioo na simu hutengeneza mtandao mdogo wa wao wawili tu, usio na intaneti ndani yake.

Hapo ndipo simu inapojifanya mjuzi. Inagundua kwamba Wi-Fi hiyo haina intaneti, inauliza kama uendelee kuitumia, na kidole kwa mazoea kinabonyeza “Hapana”. Au haiulizi kabisa: inaikimbia na kurudi kwenye data. Jibu sahihi ni kuendelea kuitumia, na kuzima kipengele cha kuhamia data chenyewe. Kama una VPN, izime kwa muda. Kwenye iPhone, kuanzia toleo la 14 la mwaka 2020, programu lazima iruhusiwe pia kufikia vifaa vilivyo kwenye mtandao huo wa karibu.

Kosa jingine halina ufundi wowote: bando limeisha. Setilaiti za GPS hazidai bando, lakini kutafuta njia mpya na kupakua picha ya ramani kunahitaji data. Anayesafiri mbali na miji, kwenye vipande vya barabara visivyo na mtandao, apakue ramani ya eneo lote kabla ya kuondoka, akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ramani za Google zinaruhusu hilo, na programu ya BMW Motorrad Connected pia.

Ramani ikitokea lakini alama yako haisogei, rudi kwenye ruhusa ya mahali. Ikiwa ulichagua iruhusiwe pale tu unapoitumia programu, kuzima skrini kunaweza kuhesabiwa kuwa umeacha kuitumia.

Helmeti ikiingia kati

Wenye helmeti zenye spika wana vifaa vitatu vinavyogombea mazungumzo, na utaratibu hutofautiana kwa kampuni. Kuna pikipiki zinazotaka helmeti iunganishwe na pikipiki, kisha pikipiki na simu. Nyingine hutaka helmeti na simu ziwe pamoja, kioo kikae pembeni. Kwenye Gold Wing, CarPlay ya kiwandani haifunguki mpaka spika za helmeti ziwe zimeunganishwa, na wengi wamewahi kuidhania mbovu kwa sababu hiyo tu.

Unapotafuta kosa, zima helmeti. Hakikisha simu na pikipiki vinaelewana vyenyewe, ndipo uiongeze. Kama una kamera inayotumia Wi-Fi, nayo iwe imezimwa mpaka mwisho, kwa kuwa Bluetooth na sehemu kubwa ya Wi-Fi hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4.

Masafa hayo humezwa na maji, na mwili wa binadamu una maji mengi. Kwa kawaida umbali kati ya mfuko wa nyuma na kioo ni mdogo, hivyo mawimbi hupenya. Lakini simu ikifungiwa kwenye sanduku la alumini nyuma ya kiti, huku mwili wako ukiwa katikati, usishangae ikipotea. Mfuko wa kifuani ni bora zaidi.

Pale kosa linapokuwa la pikipiki

Si kila mara simu ndiyo mkosaji. Jaribio rahisi la kuamua ni kuazima simu ya mtu mwingine, ikiwezekana ya aina tofauti, na kuiunganisha kwa utaratibu uleule. Simu mbili tofauti zikishindwa kwa namna ileile, mgeukie kioo.

Anza na betri. Ukibonyeza stata, betri ya volti 12 hushuka kwa muda mfupi; ikiwa imechoka, kioo kinajizima na kuwaka upya, na muunganiko unakatika pikipiki inapoanza kunguruma. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwa inazunguka mfumo wa kuchaji ulio sawa husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Kipimo hiki fundi yeyote mwenye mita anakifanya kwa dakika mbili, bila kufungua kitu. Kama betri ni nzima, washa injini kwanza, kisha ndipo ufungue programu.

Kinachobaki ni programu ya ndani ya kioo. Kampuni huitolea masahihisho, mara nyingi kupitia kwa wakala. Simu ikipata toleo jipya la mfumo wake, muunganiko uliokuwa salama jana unaweza kuvurugika leo mpaka programu ya pikipiki au ya kioo isahihishwe. Ukienda kwa wakala, beba maelezo: aina ya simu, toleo la mfumo wake, toleo la programu, na saa tatizo linapotokea. “Haifanyi kazi” haimpi fundi pa kuanzia.

Ruhusa hizi zina uzito

Programu yenye ruhusa ya kusoma arifa inaweza kuona kila kinachojitokeza juu ya simu yako: ujumbe wa M-Pesa, salio la benki, na namba za siri za uthibitisho zinazotumwa mara moja. Programu ya kampuni yenyewe, kutoka duka rasmi la simu, ni jambo moja. Faili uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu programu halisi haipatikani nchini kwako ni jambo jingine kabisa. Kuanzia toleo la 13, Android huzuia faili za namna hiyo zisipewe ruhusa ya arifa kirahisi, na kuna watu hutoa maelekezo ya kukiruka kizuizi hicho. Usiwafuate. Mshale wa kona hauna thamani ya akaunti yako.

Vilevile, anayeuza pikipiki afute simu yake kwenye kioo, kwa kuwa baadhi ya vioo huhifadhi majina na namba. Anayenunua iliyotumika adai hilo lifanyike mbele yake, na pikipiki iondolewe kwenye akaunti ya mwenye nayo wa zamani kama programu ina akaunti. Wakishaachana, mmoja yuko Mwanza mwingine Mombasa, kazi hiyo inakuwa ngumu.

Kabla ya kulipa

Kioo kisichoiona simu bado kinaonyesha mwendo, mafuta na taa za hatari, na pikipiki inatembea. Kwa hiyo hakuna tatizo la muunganiko linalostahili kushughulikiwa ukiwa unaendesha. Egesha kando kabisa ya barabara, zima injini, ndipo utoe simu.

Na kwa anayepanga kununua pikipiki yenye kioo cha aina hii: nenda dukani na simu yako mwenyewe, usikubali kuonyeshwa kwa simu ya muuzaji. Iunganishe hapo, ruhusu kinachotakiwa, zima skrini, weka simu mfukoni na usubiri dakika kumi. Kisha mwombe mtu akupigie. Jina lake likitokea kwenye kioo, umenunua kinachofanya kazi. Lisipotokea na muuzaji akashindwa kukuonyesha sababu, usilipe hata shilingi moja kwa ajili ya kipengele hicho. Jadili bei kana kwamba hakipo.